Bunduki ya vita iliyoachwa na babu: Jinsi ya kuitambua na kuepuka mkono wa sheria

Na Mwandishi Wetu, Singida

BUNDUKI ya kale iliyoachwa na babu huweza kueleza historia ya ukoo, lakini pia huweza kumfikisha mrithi wake mahakamani iwapo hana leseni.

Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida lilipitiwa na Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa na maboma Kilimatinde, ambayo sasa ipo wilayani Manyoni, na Mkalama. Mwaka 1916 eneo hilo liliangukia mikononi mwa Waingereza.

Hatua ya kwanza ni kuitofautisha na gobore. Gobore hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki ya kijeshi ya wakati huo hupakiwa kwa nyuma, kwa kuvuta komeo la chuma lenye mkono, na ina maandishi yaliyogongwa kiwandani.

Mauser ya mwaka 1871 ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa Kijerumani vita ilipoanza mwaka 1914. Mtutu wake ni mpana, milimita 11, haina magazini na hupakiwa risasi moja moja. Ubavuni huandikwa "I.G. Mod. 71". Ilitumia baruti yenye moshi mwingi, uliowaonyesha maadui mahali alipojificha mpigaji.

Mauser ya mwaka 1898 ina mtutu wa milimita 7.92 na magazini ya risasi tano iliyofichwa ndani ya mbao. Ubavuni huwa na maandishi "Gew. 98", na juu huonyesha kiwanda na mwaka.

Lee-Enfield ya Kiingereza hutambulika kwa magazini ya risasi 10 inayojitokeza mbele ya kifyatulio. Katika "Mark III", chapa ya taji, herufi za mfalme na mwaka hupatikana upande wa kulia, nyuma ya komeo. "No. 4" ni ya Vita Kuu ya Pili.

Hata hivyo, chapa hutaja mtengenezaji, si aliyeibeba. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Waingereza na kuzitumia. Kwa hiyo, bunduki ya Kiingereza si ushahidi kwamba babu alikuwa askari wa King's African Rifles; simulizi za wazee na nyaraka za familia ndizo zitakazokamilisha habari.

Usiisugue kwa msasa, kwani chapa zitafutika. Usijaribu kuifyatua, maana chuma kilicholiwa na kutu huweza kupasuka. Ichukulie kuwa ina risasi, hata kama haijaguswa kwa miaka mingi.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayemiliki silaha awe na leseni. Leseni hupewa mtu, hairithiwi pamoja na shamba au mifugo.

Anayeikuta silaha ya marehemu anashauriwa kutoa taarifa polisi kwanza, kabla ya kuisafirisha. Mwaka 2023 Serikali ilitoa nafasi ya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, lakini muda huo umekwisha; atakayenyamaza leo hawezi kuutegemea.

Piga picha za chapa zote kabla ya kuikabidhi. Bunduki ikiondoka, picha hizo zitabaki kuwa kumbukumbu ya ukoo.