Malezi ya Kusini katika uandishi wa Marekani

Malezi ya Kusini, katika historia ya fasihi ya Marekani, ni kukulia katika majimbo kama Mississippi, Alabama, Georgia, Florida na Louisiana, ambako waandishi wengi wa karne ya 20 walichota ilhamu ya riwaya, hadithi fupi na tawasifu zao. Miongoni mwao ni William Faulkner, Zora Neale Hurston, Richard Wright, Eudora Welty, Ernest Gaines na Alice Walker. Walitofautiana kwa rangi, tabaka na mtindo. Walichoshirikiana ni sikio: kabla ya kushika kalamu walikaa chini ya watu wazima wakawasikiliza, na shule yao ya kwanza ilikuwa kibaraza cha nyumba.

Usuli

Uchumi wa Kusini ulijengwa juu ya pamba, tumbaku na miwa, na mazao hayo yalilimwa na watumwa wenye asili ya Afrika hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865. Majimbo kadhaa yalikuwa na sheria za kuwazuia watumwa wasifundishwe kusoma na kuandika. Walionyimwa kalamu waliweka elimu yao katika ulimi: ngano, nyimbo, mafumbo na mahubiri. Baada ya vita, familia nyingi za Weusi ziliendelea kulima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, zikiishi chini ya sheria za ubaguzi zilizodumu hadi miaka ya 1960. Kwa upande wao, familia za Wazungu zilizoshindwa vitani ziliendelea kuvisimulia vita hivyo mezani kizazi baada ya kizazi. Watoto wa pande zote mbili walikulia katika nyumba ambamo mambo ya kale hayakuwa yamekwisha, ila kila nyumba ilikumbuka mambo yake.

Mwaka 1880, mwandishi wa habari Mzungu kutoka Georgia, Joel Chandler Harris, alichapisha ngano alizozisikia ujanani kutoka kwa wazee watumwa. Mjanja wa ngano hizo ni sungura, na msomaji wa Kiswahili aliyekua na hadithi za Sungura na Fisi atamtambua mara moja. Wachunguzi wengi wanaona kwamba ngano za aina hiyo zilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa kutoka Afrika. Kisa kimoja cha Harris, cha mnyama anayenasa kwenye sanamu ya lami, kinasimuliwa pia katika sehemu nyingi za Afrika, na huko mtego huwa mara nyingi wa ulimbo au utomvu.

Kibaraza

Hurston alizaliwa mwaka 1891 huko Notasulga, Alabama, lakini alikulia Eatonville, Florida, mji ulioanzishwa rasmi mwaka 1887 na kuendeshwa na Weusi wenyewe. Baba yake alikuwa mhubiri na aliwahi kuwa meya. Wanaume wa mji walikutana kwenye kibaraza cha duka la Joe Clarke kushindana kwa uongo mtamu, na mtoto aliyetumwa dukani alichelewa makusudi ili asikie. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa anthropolojia chini ya Franz Boas mjini New York, alirudi nyumbani kuzikusanya hadithi hizo kitaalamu. Kitabu chake Mules and Men kilitoka mwaka 1935, na riwaya yake Their Eyes Were Watching God mwaka 1937. Katika riwaya hiyo, wanakijiji wa kibarazani wanasema kwa lahaja yao wenyewe, na lahaja hiyo inabeba sehemu kubwa ya fikra na uzuri wa kitabu.

Welty, aliyezaliwa Jackson, Mississippi, mwaka 1909, amesimulia jinsi alivyokuwa akijibana garini katikati ya mama yake na rafiki wa mama, kisha akawataka waanze kuongea. Katika miaka ya 1930 alizunguka jimbo lake kwa kazi ya serikali, akiwapiga picha watu wa kawaida, na jicho la kamera likaungana na sikio la utotoni. Tawasifu yake ya mwaka 1984 ina sehemu tatu zinazofuatana kama hatua za kujifunza ufundi: kusikiliza, kuona, kisha kupata sauti.

Gaines alizaliwa mwaka 1933 kwenye shamba kubwa huko Louisiana. Alilelewa na shangazi yake, Augusteen Jefferson, ambaye hakuweza kutembea. Kwa kuwa shangazi hakuweza kuwafuata watu, watu walimfuata yeye, na kibaraza chake kikajaa. Wazee wasiojua kuandika walimtuma Gaines awaandikie barua. Walitaja mambo mawili matatu, na yaliyobaki ilimbidi mtoto ayatunge kwa namna ambayo wao wenyewe wangeyasema. Vigumu kupata mafunzo bora zaidi ya kuumba mhusika: kuandika “mimi” kwa niaba ya mtu mwingine, bila kumpokonya sauti yake.

Jeraha

Malezi haya hayapaswi kupakwa asali. Wright, aliyezaliwa karibu na Natchez, Mississippi, mwaka 1908, alilelewa kwa njaa na hofu. Katika tawasifu yake Black Boy (1945) anaeleza jinsi bibi yake mcha Mungu alivyokatiza hadithi aliyokuwa akisimuliwa na mwalimu mpangaji, akiiita kazi ya shetani. Kwa mtoto yule, hadithi ikawa kitu cha kupigania. Mjini Memphis, ambako Mweusi hakuruhusiwa kuazima vitabu maktabani, alitumia kadi ya Mzungu mmoja na kujifanya ametumwa.

Walker, mtoto wa nane wa wakulima wa kugawana mavuno huko Eatonton, Georgia, aliumizwa jicho kwa bunduki ya kuchezea akiwa na miaka minane, akajitenga na kuzama katika vitabu. Mama yake, pamoja na uchovu wa kazi za shamba na za majumbani kwa watu, alipanda bustani za maua zilizosifiwa na wapita njia. Katika insha ya mwaka 1974, Walker alizitaja bustani hizo kuwa sanaa ya wanawake walionyimwa nafasi ya sanaa nyingine. Mama huyo ndiye aliyemnunulia mashine ya kuchapia.

Welty naye, usiku wa Juni 1963 mtetezi wa haki Medgar Evers alipouawa mjini Jackson, aliandika hadithi fupi kwa sauti ya muuaji. Aliujua mji wake kiasi cha kuisikia chuki yake kutoka ndani, na hakuona haki kunyamaza.

Kukaa na kuondoka

Kati ya 1910 na 1970, takriban Weusi milioni sita walihama Kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi. Wright alikwenda Chicago mwaka 1927, na Gaines alihamia California mwaka 1948. Huko Gaines alitafuta maktabani vitabu kuhusu watu wake, hakuvipata, akaanza kuviandika. Umbali ulimfundisha thamani ya alichokiacha.

Faulkner alifuata njia nyingine: alikaa. Aliyemshawishi kuandika juu ya kipande chake kidogo cha Mississippi alikuwa mwandishi Sherwood Anderson. Kutokana na mji wa Oxford na vijiji vyake aliumba wilaya ya kubuni, Yoknapatawpha, akaichorea ramani katika Absalom, Absalom! (1936) na kuihesabia wakazi 15,611. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1949.

Urithi

Hurston alifariki mwaka 1960 bila mali, na kaburi lake halikuwa na alama hadi Walker alipolitafuta na kuliwekea jiwe mwaka 1973. Tangu 1990 mji wa Eatonville humkumbuka kwa tamasha. Jesmyn Ward, aliyekulia DeLisle, Mississippi, ameendeleza mkondo huo kwa riwaya kama Salvage the Bones (2011), juu ya familia maskini inayokabiliwa na Kimbunga Katrina.

Gaines alirudi Louisiana, akajenga nyumba kwenye ardhi ya shamba lile alikofanya kazi utotoni, na kulihamishia uwanjani kwake kanisa la zamani lililokuwa pia darasa lake. Yeye na wenzake walisafisha makaburi ya wazee waliozikwa hapo, na wengi wao hawakuwahi kuandikwa jina popote. Alipofariki mwaka 2019, vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kuwaandikia barua ambazo sasa dunia nzima inazisoma.