Herufi Mbili Ndogo Juu ya Mstari

Mashine ya taipu ya kawaida ya mwaka 1973 ilikuwa na usawa kama wa daladala. Herufi i, nyembamba kama ufito, ilipewa nafasi ileile aliyopewa mnene m, na wote walilipa nauli moja. Ndiyo maana kurasa za zamani zinaonekana kama meno yenye mapengo. Mashine zilizoweza kumpa kila mmoja nafasi kwa kadiri ya mwili wake zilikuwepo, lakini zilikuwa ghali, na si rahisi kuzifikiria kwenye meza ya kamanda wa kikosi cha jeshi la akiba kule Texas, akiandika vijibarua vya kujiwekea kwenye jalada lake binafsi.

Jumatano ya tarehe 8 Septemba 2004, kituo cha CBS cha Marekani kiliwaonyesha mamilioni ya watazamaji vijibarua vya namna hiyo. Ndani yake i alikuwa amekaa kwenye kiti cha i, na m kwenye kiti cha m. Tena baada ya namba ya kikosi, zile herufi mbili, t na h, zilipanda juu ya mstari zikawa ndogo, zenyewe, bila kusukumwa. Yeyote aliyewahi kuandika ripoti ya chuo kwenye Microsoft Word anaijua tabia hiyo. Programu hukusaidia hata kama hujaiomba.

Vijibarua hivyo vilidaiwa kuandikwa kati ya 1972 na 1973 na Luteni Kanali Jerry Killian, ambaye alikuwa amefariki tangu 1984 na kwa hiyo hakuweza kupigiwa simu. Vilimhusu rubani kijana aliyekuwa chini yake, George W. Bush. Vilisema Bush aliamriwa kupimwa afya hakwenda, na kwamba wakubwa walimshinikiza kamanda ampake sukari kwenye tathmini yake. Mwaka 2004 huyo rubani alikuwa rais, anatafuta muhula wa pili, na mpinzani wake John Kerry alikuwa ametoka Vietnam na medali.

Na hapa ndipo ninapopata hasira kidogo, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa halali kabisa. Bush aliingia Jeshi la Akiba la Anga la Texas mwaka 1968, vita ya Vietnam ikiwa imepamba moto, baba yake akiwa mbunge. Ben Barnes, mwanasiasa mzito wa Texas enzi hizo, alikiri katika kipindi kilekile kwamba alimsaidia kupata nafasi. Kumbukumbu rasmi za jeshi, ambazo hakuna aliyezikana, zinaonyesha kuwa Agosti 1972 alisimamishwa kurusha ndege kwa kutokwenda kupimwa afya. Hivyo vilikuwepo, vina mihuri, havina fonti ya ajabu. Lakini karatasi rasmi haina utamu. Mwandishi wa habari anataka sauti ya marehemu akinung'unika kwenye shajara yake.

Mary Mapes, mtayarishaji wa habari ile, hakuwa mwanafunzi. Miezi michache kabla, ni yeye na wenzake waliofichua mateso ya wafungwa katika gereza la Abu Ghraib. Mtu wa sifa hiyo alipata karatasi za kwanza tarehe 2 Septemba, nyingine tarehe 5, na tarehe 8 zikawa hewani. Katika siku hizo sita zilipita kwa wataalamu wanne wa maandishi. Wawili walionyesha wasiwasi. Aliyetegemewa zaidi aliangalia saini tu, nayo ilikuwa kwenye nakala kivuli, na hakuna mtu CBS aliyewahi kushika karatasi ya asili. Kisha nakala zikapelekwa Ikulu ya Marekani. Maofisa wa Ikulu hawakuzikana, na kituo kikaona basi, shahada ya uhalali imepatikana: kama mwenyewe hakubisha, ni kweli. Mwenye njaa hana miiko.

Saa chache tu baada ya kipindi, mtu mmoja mtandaoni akauliza juu ya zile nafasi za herufi. Kisha Charles Johnson, mwandishi wa mtandaoni, akafanya jambo ambalo lingeweza kufanywa na mtu yeyote ndani ya jengo la CBS kabla chai haijapoa: alifungua Word, hakubadili chochote, akachapa upya kijibarua kimoja, akakilaza juu ya kile cha 1973. Maneno yakakaa juu ya maneno. Hata mistari ilikatikia palepale.

CBS ikajitetea kwa siku 12. Bosi wake mmoja wa zamani akajitokeza kwenye kituo kingine kuwadharau wakosoaji kuwa ni watu wanaoandika wamekaa sebuleni na nguo za kulalia. Wenye nguo za kulalia, bahati mbaya, walikuwa na kompyuta. Uvumbuzi mkubwa zaidi wa siku hizo uliletwa na katibu muhtasi wa zamani wa Killian, bibi wa miaka 86. Alisema karatasi zile hakuzichapa yeye, ila zilichosema ndicho alichokuwa akikifikiria bosi wake. The New York Times ikaweka kichwa cha habari: ni za bandia lakini sahihi. Nimejaribu kufikiria hakimu akiambiwa maneno hayo kuhusu hati ya kiwanja.

Tarehe 20 Septemba mtangazaji Dan Rather akaomba radhi. Aliyewapa karatasi, afisa mstaafu aitwaye Bill Burkett, kwanza alisema alizipata kwa askari mwenzake. Baadaye akasema hapana, alizipata kwa mwanamke aitwaye Lucy Ramirez, na karatasi alizopokea akazichoma baada ya kuzitoa nakala. Lucy Ramirez hajaonekana mpaka leo. Sisi tunamjua, lakini. Ndiye anayetutumia ujumbe kwenye kundi la familia, na chini yake ameandika kwamba ametuma kama alivyopokea.

Januari 2005 tume huru ikatoa ripoti ya kurasa 224. Haikuthubutu kusema moja kwa moja kuwa karatasi zilighushiwa. Ilisema zilirushwa bila kuthibitishwa, kwa haraka, kisha zikatetewa kwa upofu. Mapes akafukuzwa kazi, wakuu watatu wakatakiwa kujiuzulu. Rather akaachia kiti cha taarifa ya habari tarehe 9 Machi, miaka 24 kamili tangu alipokikalia.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia kashfa hii. Mimi nadhani hapo ndipo pa kuuliza ni nini kilichokuwa kirushwe usiku ule wa tarehe 8 Septemba kabla Mapes hajaleta bahasha yake.

Kilikuwa kipindi cha Ed Bradley, juu ya karatasi nyingine za kughushi. Hizi zilitokea Roma, zikidai kuwa Niger iliiuzia Iraq urani. Mojawapo, yenye tarehe ya mwaka 2000, ilibeba saini ya waziri wa mambo ya nje aliyeondoka madarakani zaidi ya miaka kumi nyuma. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walipopewa karatasi hizo waligundua mambo kama hayo kwa kutafuta tu kwenye Google, na tarehe 7 Machi 2003 mkurugenzi wao, Mohamed ElBaradei, akaliambia Baraza la Usalama kuwa si halali. Lakini tangu Januari Bush alikwisha kulihutubia Bunge kwamba, kwa mujibu wa Waingereza, Saddam alikuwa akitafuta urani Afrika. Hakutaja nchi. Afrika ilitosha. Waingereza walishikilia kwamba wana ushahidi mwingine. Siku 13 baada ya ElBaradei kusema, mabomu yalianza kuanguka Baghdad.

Julai 2003 Ikulu ilikiri kuwa sentensi ile haikupaswa kuwemo kwenye hotuba, na George Tenet, mkuu wa CIA, akasema lawama ni zake. Desemba 2004, wiki chache kabla Mapes hajafukuzwa, Rais alimvisha Tenet Nishani ya Uhuru, ya juu kabisa kwa raia.

Kipindi cha Bradley kilisogezwa kupisha vijibarua vya Texas. Tarehe 24 Septemba CBS ikatangaza kuwa isingekuwa vyema kurusha habari ya Niger karibu hivyo na uchaguzi wa tarehe 2 Novemba. Zilikuwa zimebaki siku 39. Walipomrushia Bush vijibarua zilikuwa zimebaki 55.