Nesi mwenye sonona anaweza kuendelea na kazi? Mambo 5 unafaa kujua

Kama wewe ni nesi, labda umewahi kujiambia: "Nikisema akili yangu haiko sawa, nitapigwa kalamu." Wengi hunyamaza na kuendelea kuchapa zamu juu ya zamu. Hapo ndipo noma huanzia. Soma hii kwanza.

1. Jina la ugonjwa si kipimo
Sonona, wasiwasi uliopitiliza ama baipola haimaanishi kazi imeisha. Wasee wengi wakipata matibabu huwa fiti tena. Swali ni moja tu: leo, unaweza kupima dozi, kusoma chati na kuamua haraka bila kuhatarisha mgonjwa?

2. Kuchoka na kuugua ni vitu viwili
Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema uchovu uliokithiri wa kazi ni tatizo la kazini, si ugonjwa. Lakini kama hata ukipumzika hali ni ile ile, na kwa wiki mbili huna raha na chochote, ona daktari.

3. Jua wakati wa kutoka wodini
Unasahau umempa nani dawa gani? Unakunywa ndio ulale? Unachota dawa za wodi? Unasikia sauti ama unawaza kujiua? Usingoje zamu iishe. Mwambie msimamizi wako na utafute usaidizi siku hiyo hiyo.

4. Sheria iko upande wako
Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kubagua mtu kwa sababu ya hali ya afya ama ulemavu. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataja hali ya akili waziwazi. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, ukiwa na cheti cha daktari. Ukweli ni kwamba sonona inaweza kuhitaji zaidi ya hizo, kwa hivyo soma mkataba wako na uulize chama chenu mapema.

5. Si lazima umwambie mdosi kila kitu
Omba daktari aandike unachoweza na usichoweza kufanya kwa sasa. Kwa mfano, utolewe zamu za usiku kwa muda, maana kukosa usingizi kunaweza kuamsha baipola, na dawa zingine hulevya. Weka nakala ya kila barua. Na usiache dawa ghafla ili uonekane uko poa.

Ukilemewa, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya. Na kama ni mwenzako anayelemewa, usimcheke kwenye grupu ya WhatsApp. Mshikie zamu aende kliniki.