Lwiro: kujitolea kulea shimpanze yatima ni kazi ya namna gani?

Mtu anayetoka Bukavu kwa barabara ya Goma anapita Mudaka, anavuka Kavumu, kisha anaacha barabara kubwa na kupanda upande wa mulima. Hapo Lwiro, katika territwari ya Kabare, ndipo Wabelgiji walijenga kituo chao cha utafiti, IRSAC, iliyoanzishwa mwaka wa 1947. Leo kinaitwa CRSN. Wakaaji wengi wanajua majengo yale makubwa. Wachache tu wanajua ni nini kinafanyika karibu yake, kule ambako makelele ya wanyama yanasikika asubuhi.

Ni kituo cha kulea masokwe na nyani, CRPL, kilichoanzishwa mwaka wa 2002 na ICCN pamoja na CRSN. (Sokwe wa vitabu njo yule ambaye katika Kivu watu wanamuita shimpanze, na hapa tutatumia jina hilo.) Kituo kinatunza shimpanze zaidi ya 100, nyani wa aina mbalimbali, na hata kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wachuuzi. Karibu wote walifika kwa njia moja: mama aliuawa porini kwa ajili ya nyama, mtoto akabaki hai juu ya maiti, akafungwa kamba kiunoni, akapelekwa kuuzwa.

Mtoto huyo akifika, njo kazi inaanza.

Porini, mtoto wa shimpanze anashikamana na mama yake kwa miaka karibu mitano. Analala juu yake, anajifunza kwake majani gani yanaliwa na namna ya kutengeneza kitanda cha matawi kila jioni. Akikosa mama, anaweza kukataa chakula na kufa hata kama kidonda chake kimepona. Kwa hiyo munganga wa wanyama peke yake hatoshi. Anatakiwa mtu wa kumubeba mchana kutwa, kumupa maziwa ya chupa kila baada ya masaa machache, hata usiku, na kumuzoeza polepole na watoto wengine wa aina yake. Mtu huyo ni mulezi. Katika vituo vya Kongo walezi ni watu wa fasi ile ile, baba na mama wenye watoto wao nyumbani, na wanafanya kazi hiyo kwa miaka.

Mtu wa kujitolea anaingia wapi? Si pale watu wengi wanafikiri.

Picha inayozunguka katika simu ni ya muzungu aliyebeba mtoto wa shimpanze, wote wawili wanacheka. Vituo vyenye kufanya kazi vizuri vimeacha mambo hayo, au vinayakataza kabisa. Mtu wa kujitolea anayekuja kwa wiki chache hapewi mtoto wa kubeba, maana atamuzoeza kisha atamuacha, na mtoto atakuwa amepoteza mama mara ya pili. Picha ile pia inafundisha vibaya: anayeiona anafikiri shimpanze ni munyama wa nyumbani, na kesho atatafuta wa kununua.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Kuosha mazizi kwa maji na sabuni. Kukata ndizi, viazi vitamu, karoti na miwa, kupima sehemu ya kila kundi, kupika uji. Kutembea kando ya waya wa umeme kuangalia kama tawi limeanguka juu yake, maana mvua ya Kabare haichelewi kuangusha matawi, na shimpanze anaona tawi hilo mbele ya mtu. Kuandika katika daftari nani amekula, nani anaharisha, nani amepigwa na wenzake. Kutengeneza michezo: kutoboa mwanzi na kutia asali ndani, ili shimpanze ashindane nao kwa kijiti kama vile porini. Hii ya mwisho inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini munyama mwenye akili akifungwa bila kitu cha kufanya anaanza kujing'oa manyoya.

Wanafunzi wa vyuo vya Bukavu wanaosoma mifugo, biolojia au mazingira wanaweza kujifunza mengi hapo kama stajiere. Munganga wa wanyama anayejitolea anapata kazi nyingine: kulaza munyama kwa dawa, kupima damu, kutazama meno, kuweka kwa majike dawa ya kuzuia mimba. Watu wengine wanashangaa kusikia kwamba wanyama walio hatarini wanapewa uzazi wa mpango. Sababu ni wazi: kituo si shamba la kuzalisha. Kila mtoto anayezaliwa ndani anachukua nafasi ya yatima ambaye kesho ataletwa ndani ya kikapu, na shimpanze anaweza kuishi miaka 50.

Halafu kuna ugonjwa, na hapa hakuna mchezo. Damu ya shimpanze na ya mtu zinakaribiana sana, kwa hiyo magonjwa yanavuka bila viza. Mwaka wa 2013, katika msitu wa Kibale, Uganda, virusi vya mafua ya kawaida ya watu viliingia katika kundi la shimpanze 56 na kuua 5. Mafua tu, yale ambayo mtu anaenda nayo sokoni. Kwa sababu hiyo, katika vituo kama hivi anayetaka kujitolea anaombwa vipimo vya kifua kikuu, chanjo za surua, polio na homa ya ini, na siku za kukaa pembeni kabla ya kukaribia wanyama. Anavaa maski na bottes zinazobaki ndani. Akiamka na kikohozi, anabaki nyumbani. Wakaaji wanaokatazwa kuingia mara nyingine wanaona ni zarau, lakini sheria hiyo hiyo inamufunga mugeni aliyelipa tiketi ya ndege.

Kuna jambo lingine la kusema wazi. Katika inchi hii neno «kujitolea» lina historia yake. Vijana wengi wamefanya kazi miezi na miaka bila mushahara, wakitumaini kwamba siku moja watasainiwa mukataba. Mugeni anajitolea akiwa na akiba nyuma. Kijana wa Katana anajitolea akiwa na njaa. Hizo si kitu kimoja. Kituo kinachojiheshimu kinasema tangu siku ya kwanza kama nafasi ni staji, ni ya kujitolea au ni kazi ya kulipwa, na anayeomba afazali aulize mapema, kwa maandishi. Faida ya kituo kwa jirani zake haiko sana katika kujitolea. Iko katika kazi zenye mushahara na katika mashamba: wanyama zaidi ya 200 wanakula kila siku, na chakula kinatoka kwa walimaji wa hapo kando.

Vita imeonyesha hilo. Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa na M23 tarehe 14, na siku mbili baadaye waasi wakawa ndani ya Bukavu. Benki zikafungwa. Wageni hawaji wakati kama huo. Lakini shimpanze anaamka na njaa ile ile, na anayemupa uji ni mtu wa Lwiro.

Kaskazini hali inafanana. Rumangabo, katika parke ya Virunga, kuna kituo cha Senkwekwe, mahali pekee duniani panapolea gorila yatima wa milimani. Ndakasi aliokotwa 2007 akiwa na miezi miwili, ameshika maiti ya mama yake. Alikufa Septemba 2021 mikononi mwa André Bauma, mulezi aliyemubeba tangu mwanzo. Miaka 14: huo njo urefu wa kazi hii. Na Kasugho, territwari ya Lubero, kituo cha GRACE kinalea gorila wa bondeni. Oktoba 2024, majike 4 waliolelewa huko walirudishwa porini, juu ya mulima Tshiaberimu, ambako gorila walikuwa wamebaki wachache sana. Kwa shimpanze ni vigumu zaidi, sababu wenzao wa porini wanaweza kuwaua wageni, na mwindaji bado yuko.

Mtu ambaye hataingia kituoni hata siku moja bado ana kazi yake. Akiona mtoto wa shimpanze au wa gorila anauzwa, asimununue, hata kwa huruma: franga anazotoa zinarudi kwa mwindaji, naye anaelewa kwamba biashara iko. Kumuweka nyumbani ni kosa pia, maana shimpanze na gorila wanalindwa kabisa na sheria za Kongo, pamoja na ile namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile ya asili. Aandike fasi, saa na kile alichoona, kisha apeleke habari kwenye ofisi ya ICCN iliyo karibu. Na kama munyama tayari yuko mikononi mwake, amuweke fasi yenye joto mbali na watoto, alegeze kamba kama inamukata, asimupe pombe wala chakula cha pilipili, na asimukoholee usoni mpaka watu wa parke wafike.