Ile Kakintu ya Kwa Eshapema: Namna Sonda Lambda Ilifika Butembo

Kuna jambo tunaliona kila siku kwa garaji zetu za Butembo na Beni. Gari ya okazi inaingia, taa ya motere inawaka njano kwa tablo. Fundi analala chini ya gari, anatoka na kakintu kanafanana na buji, kenye waya tatu ao nne. « Hii haina kazi », njo jibu. Tundu linazibwa na bulo, waya zinafungwa na skoch, mwenye gari analipa anaenda. Kisha miezi mbili tatu analalamika kama gari inakunywa esansi.

Hako kakintu kanaitwa sonda lambda. Leo tuongee historia yake, juu historia hiyo njo inaeleza kwa nini fundi wetu anasema vile. Na siyo ujinga, mutaona.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1889, wakati Stanley alikuwa anavuka Semliki na kupita chini ya Ruwenzori pamoja na Emin Pasha, kule Ujerumani kijana mmoja wa kemia, Walther Nernst, alikuwa anatoa hesabu inayoonyesha namna tofauti ya kemikali kati ya pande mbili inaweza kuzaa umeme. Mwaka 1897 akatengeneza taa yenye kijiti cha udongo mgumu unaoitwa zirkonia. Ukiwa baridi, udongo ule haupitishi umeme. Ukipashwa moto sana, unapitisha. Taa yenyewe ilishindwa na balbu za kawaida (Nernst hakukosa kitu, alipata Nobel ya mwaka 1920), lakini udongo wake haukusahauliwa.

Siri yake ni hii: zirkonia ikipita nyuzi 300 hivi za joto, inaacha chembe za oksijeni zipenye ndani yake. Weka hewa ya inje upande mmoja, moshi wa eshapema upande mwingine. Kama esansi ni mingi na oksijeni imekwisha kwa moshi, unapata karibu volti 0,9. Kama oksijeni imebaki mingi, volti zinashuka mpaka 0,1. Bongo la elektroniki la gari, ile wanaita kalkilatere, linasoma namba hiyo na kuongeza ao kupunguza esansi, bila kuchoka. Inachotafuta ni kilo 14,7 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Hapo njo wanasema lambda ni 1.

Nani alihitaji usahihi kama huo? Siyo mwenye gari. Ni sheria. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi, na California, yenye moshi wake wa Los Angeles, ilikaza zaidi. Katalizere inayosafisha gazi tatu kwa mara moja inafanya kazi vizuri paka karibu na lambda 1. Basi Bosch ikatengeneza sonda, na mwaka 1976 Volvo ikaiweka kwa gari za kuuzwa California.

Mwaka huohuo 1976, kwetu tulikuwa Zaire, miaka mitatu kisha zairianisation. Baridi ya Julai 1975 ilikuwa imeunguza kahawa ya Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na kahawa ya Kivu ilikuwa inavuka mpaka kwenda Uganda kwa njia ambazo duane haikuziandika. Watu wakapata pesa, njia za biashara za Wanande zikarefuka: Kampala, Nairobi, Mombasa, kisha Dubai. Kwa njia hizo njo gari za okazi za Japani zilianza kutufikia, zikipita Kasindi, na sonda zao ndani.

Sasa tufike kwa mambo ya risasi. Siyo ile tunasikia usiku huku Beni, ni metali. Tangu miaka ya 1920 risasi ilikuwa inatiwa ndani ya esansi ili motere isigonge. Ni sumu kwa bongo za watoto, na ni sumu kwa sonda vilevile: inafunika platini yake, sonda inakuwa kipofu. Njo maana Marekani na Japani waliiondoa mapema, ili katalizere zao ziishi. Kwetu je? Afrika ilikubaliana Dakar mwaka 2001, na esansi ya risasi ilikoma kusini ya Sahara Januari 2006. Esansi yetu inatoka Mombasa. Basi kwa miaka mingi tulikuwa tunapokea gari zilizotengenezwa kwa esansi safi, tunazinywesha esansi yenye risasi.

Mimi naamini hapo njo ile jibu « haina kazi » ilizaliwa. Fundi wa miaka ile akiweka sonda mpya, ilikuwa inakufa haraka. Akajifunza kwa macho yake, akafundisha mwanafunzi wake, na mwanafunzi akafundisha wengine. Risasi imeondoka karibu miaka 20 sasa. Fundisho limebaki.

Na kwetu sonda ina kazi hata bila sheria ya moshi, juu ya milima. Butembo inapita mita 1700, Beni inapita 1000 kidogo, na Mombasa iko kwa bahari. Hewa ya Butembo ni nyepesi, pungufu kwa asilimia 15 na zaidi. Karbiratere iliyopangwa kwa bahari itamimina esansi kupita kiasi huku: moshi mweusi, buji nyeusi. Gari ya injeksio ina sensa zingine za kupima hewa inayoingia, lakini bila sonda hakuna wa kukagua jibu kwa mlango wa kutokea. Na wakati njia ya Kasindi inaharibika, kila litri inahesabiwa.

Ukitaka kuiweka kwa eshapema isiyo nayo, ili kupanga karbiratere: ekru ya milimita 18 inachomelewa kwa upande wa juu wa bomba, isiangalie chini, juu maji yanayojikusanya ndani ya bomba yanapasua udongo wake. Iwe mbele ya katalizere. Na bomba lisitoboke kabla yake, la sivyo hewa ya inje inaingia na namba zinadanganya.

Na ile iliyoko tayari, kabla ya kuitoa, pasha motere moto na uweke multimetre kwa waya wake. Kwa sonda ya kawaida, namba ikirukaruka kati ya 0,1 na 0,9, ingali hai. Ikikwama kwa 0,4 na haitikisiki hata ukikanyaga, hapo fundi ana haki. Imekufa, aitoe, aweke ingine.