Picha za Vitabu vya Kiingereza na Watoto Wetu wa Kike

Katika kitabu hiki cha yubile mmekwisha kusoma habari za makanisa na shule zilizojengwa. Lakini iko historia nyingine isiyo na mawe wala chokaa, nayo ni ya picha walizotazama watoto wetu katika vitabu vya Kiingereza.

Kabla ya vitabu kufika, wazee wa Ukwere walikuwa na sanamu yao. Mwali alipowekwa ndani alipewa mwanahiti, kisanamu cha mti, akakitunza na kukipaka mafuta kama mtoto wake. Kwacho alifundishwa heshima ya kuwa mama, maana Wakwere huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Basi wazee walijua kwamba sanamu si mchezo: sanamu hufundisha.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Wavulana walifundishwa useremala na uhunzi. Wasichana waliwekwa chini ya masista, wakajifunza kushona na kupika. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wakati ule. Miaka ikapita, wasichana wakaingia shule za juu, walakini picha za vitabuni zilikawia nyuma.

Sisi tuliosoma katika miaka ya 1990 twazikumbuka. Baba ameketi anasoma gazeti, mama yu jikoni; mvulana anacheza mpira, dada yake anafagia. Daktari ni mwanamume, mwuguzi ni mwanamke.

Katika somo la Kiingereza picha hizo zina nguvu kuliko katika somo jingine, kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto wa Lugoba hajaijua lugha ile, na picha ndiyo mkalimani wake. Huisadiki kabla ya kulisadiki neno. Pili, Kiswahili chasema, “Daktari amekuja, anakuita,” wala hakitaji kama ni mume au mke. Kiingereza cha vitabu vya shule humtaja kwa neno la mume au la mke, na picha ndiyo iliyokwisha kuchagua.

Tulipokuwa tukifundisha, tulimwuliza msichana mmoja kazi atakayoipenda. Akaonyesha picha ya mwuguzi. Tukamwuliza, “Mbona si daktari?” Akajibu, “Mwalimu, yule ni mwanamume.” Kazi ya uuguzi ni njema; lakini mtoto yule hakuichagua, alichaguliwa. Nasi tukanyamaza, tukaendelea na somo. Hilo twalikiri.

Wakubwa wa dunia walikwisha kuliona jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 juu ya haki za wanawake, katika ibara ya 10, waagiza vitabu vya shule visahihishwe. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka 1995 mkutano wa wanawake wa Beijing ulikuwa na Katibu Mkuu Mtanzania, Gertrude Mongella, mwalimu aliyesomeshwa na masista wa Maryknoll katika Morogoro. Hata hivyo, tasnifu ya Mkuchu ya mwaka 2004 juu ya vitabu vya shule zetu za msingi ilionyesha kwamba wanaume wangali wametangulia kwa hesabu na kwa vyeo.

Tangu mwaka 2021 Rais wa nchi yetu ni mwanamke, na watoto wamjua. Lakini kitabu cha zamani hakijui, nacho chaweza kukaa kabatini miaka mingi.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusifunue ukurasa na kunyamaza. Tuwaulize watoto: Katika picha hii nani analima? Na kwenu nani hulima? Mtoto wa Ukwere atamtaja mama yake, naye atafahamu kwamba picha haikusema yote. Nanyi wazazi, jioni moja fungueni kitabu cha binti yenu, mtazame pamoja naye. Asiyejua Kiingereza asione haya, kwa maana picha husomwa na kila mwenye macho.