Dawa za kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopia
Dawa za kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopia ni haluli za kunywa zinazoondoa kinyesi katika utumbo mpana ili daktari auone vizuri ukuta wake kwa mpira wenye kamera. Hutofautiana kwa wingi, utendaji na usalama.

Myeyusho wa polietilini glikoli na chumvi, ulioanza kuelezwa mwaka 1980, haubadilishi sana maji na chumvi za mwili, hivyo hupendekezwa kwa wagonjwa wa figo na moyo. Kasoro yake ni wingi: kipimo cha awali ni lita 4 zenye ladha ya chumvichumvi. Aina zilizoongezwa askobati ni lita 2 au 1, lakini huhitaji tahadhari kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Pikosalfeti ya sodiamu pamoja na sitrati ya magnesiamu hunywewa kidogo, ila huvuta maji ya mwili kuingia utumboni na haifai kwa figo zilizodhoofika sana. Kuhusu fosfeti ya sodiamu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2008, kwa kuwa inaweza kuharibu figo.

Kwa kawaida nusu ya dozi hunywewa jioni, na nusu katika muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya uchunguzi. Choo kikitoka kama maji ya manjano yasiyo na chembe, utumbo umesafika.